Maswali ya Wasomaji: Monseigneur ni nani, na anaandikiwaje?

SWALI: Gazeti moja la Kongo limeweka "Mgr" mbele ya jina la askofu. Huku kwetu Monsinyori ni padre aliyetunukiwa na Papa, si askofu. Gazeti limekosea? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Halijakosea. Kifaransa kina neno moja tu, Monseigneur, kwa askofu, kwa askofu mkuu, na kwa huyo padre mnayemwita Monsinyori pia. Ukikutana na Mgr, yaani kifupisho chake, usikimbilie kutafsiri. Tazama kwanza kinachofuata jina. Ikiwa ni évêque de au archevêque de, huyo ni Mhashamu Askofu au Askofu Mkuu. Ikiwa ni prélat d'honneur au chapelain de Sa Sainteté, ni padre, mwandike Monsinyori. Tafsiri nyingi huharibikia hapo, askofu akashushwa kuwa padre katika habari ya mistari mitatu.

Mapadre wapya wa aina hiyo ni wachache siku hizi. Mwanzoni mwa 2014 ilitangazwa kwamba Papa Fransisko amewabakizia mapadre wa majimbo ngazi moja tu, Kapelani wa Baba Mtakatifu, nayo ni kwa waliotimiza miaka 65.

Wala maaskofu wa Ufaransa hawakuitwa hivyo tangu zamani. Katika karne ya 17 Bossuet, askofu wa Meaux, aliitwa Monsieur de Meaux, yaani Bwana wa Meaux. Mwaka 1802 sheria ya Napoleon Bonaparte, mtawala wa Ufaransa, iliwaruhusu maaskofu "Citoyen" (Raia) au "Monsieur" tu na kupiga marufuku vyeo vingine vyote. Leo marufuku hiyo haikumbukwi na mtu.

SWALI: Kamati yetu ya jubilei ya parokia inamwalika askofu kwa barua ya Kifaransa. Tuanzeje, tumalizeje? – Katibu wa kamati, Bukavu

JIBU: Anzeni na Monseigneur peke yake, kisha mkato. Jina lisiwepo. Cher (mpendwa) nayo iacheni, labda awe mtu mnayezoeana naye. Ndani ya barua tumieni vous ("wewe" ya heshima), na neno Monseigneur lirudi katika sentensi ya mwisho: Veuillez agréer, Monseigneur, l'expression de notre profond respect. Ni notre (yetu), si mon (yangu), kwa sababu barua ni ya kamati. Makatibu wengi hunakili mfano wa barua ya mtu mmoja na kulisahau hilo.

Kifupisho Mgr ni cha kumtaja mtu, si cha kumwita. Katika ratiba ya sherehe andikeni "Mgr" na jina lake, lakini kwenye salamu ya barua neno liandikwe lote. Hakiwekewi nukta, kwa kuwa r ndiyo herufi ya mwisho ya neno lenyewe. Msgr, yenye s, ni ya Kiingereza.

Wakija maaskofu wawili au zaidi, msemaji huanza hotuba kwa Messeigneurs. Anayewazungumzia husema Nosseigneurs, kwa kifupi NN. SS. Akiwamo kardinali, atajwe kwanza, tena kwa cheo chake: Éminence, au Monsieur le cardinal. Paroko ni Monsieur l'abbé au mon Père. Vika jenerali, msaidizi mkuu wa askofu, je? Anaweza kuitwa Monseigneur kwa cheo hicho; mabadiliko ya 2014 hayakuligusa hilo.

SWALI: Ni neno la Wakatoliki peke yao? – Msomaji, Lubumbashi

JIBU: Hapana. Maaskofu wa Kiorthodoksi nchini Ufaransa huitwa hivyo, na Mkuu wa Monaco pia. Zamani, mwana wa kwanza (1661–1711) wa Louis wa 14, mfalme wa Ufaransa, aliitwa Monseigneur tu, bila jina, na baraza zima la mfalme likajua ni nani. Ila mkikuta pince-monseigneur katika habari za polisi, msimtafute askofu: ni mtaimbo wa wezi wa kuvunjia milango.