Kulanti imeganda: je, nimwagie maji ya moto?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Juzi usiku baridi ilishuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Asubuhi gari likawaka vizuri tu, ila mkanda ukaanza kulia kama filimbi, hita ikawa inapuliza baridi, na baada ya dakika chache mshale wa joto ukapanda hadi karibu na nyekundu. Nikazima. Kufungua boneti, nakuta kulanti, yaani maji ya kupozea injini, kwenye chupa yake imekuwa kama barafu iliyosagwa. Nakiri kwamba tangu kipindi cha joto nimekuwa nikiongeza maji ya bomba kila inapopungua. Nimwagie maji ya moto iyeyuke? Na injini imepona kweli?

JIBU: Usimwagie maji ya moto, na usiwashe tena hata dakika moja ya "kuipasha". Chuma chenye baridi ya namna hiyo kikikutana na maji yanayochemka, upande mmoja hutanuka ghafla huku mwingine bado umejikunyata, na ufa huanzia hapo. Nilishaletewa gari ambalo barafu haikulifanya kitu. Kilicholipasua ni birika la mwenyewe.

Kuzima mapema kumekusaidia sana. Mkanda ulilia kwa sababu pampu ya maji ilishikwa na barafu, puli ikagoma kuzunguka, mkanda ukawa unateleza juu yake. Shukuru kwamba ni mkanda wa nje. Kuna magari ambayo pampu yao huzungushwa na mkanda wa taimingi, ule unaoendesha vali ndani ya injini, na huo ukikatika au kuruka meno, vali zinaweza kugongana na pistoni. Hapo hatuongei habari za kulanti tena. Hita ilipuliza baridi kwa kuwa maji ya moto hayakuifikia. Na mshale ulipanda kwa sababu hiyohiyo: maji hayazunguki, joto linabaki palepale linapozaliwa. Ndiyo, gari linaweza kuchemka huku rejeta imeganda. Hutokea hata barabarani, pale thamostati, vali inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta, inapokuwa bado imefunga na upepo unaipiga rejeta isiyopata tone la maji ya moto.

Kinachonipa matumaini ni neno lako "iliyosagwa". Maji matupu yakiganda huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9. Lita 10 zinataka nafasi ya karibu lita 11, na zisipoipata zinaitafuta kwa kupasua chuma. Mchanganyiko wenye glikoli, kemikali ya kwenye kulanti inayozuia kuganda, haugeuki jiwe kwa mkupuo. Sehemu ya maji hujitenga kuwa chembe za barafu, kinachobaki kinazidi kuwa kikali, unapata uji. Uji hausukumi kama jiwe. Kwa hiyo huenda injini yako iko salama, ingawa siapi kabla ya kuikagua.

(Utasikia pia kwamba vile vifuniko vya bati vya mviringo ubavuni mwa bloku, mwili wa injini, viliwekwa ili vichomoke na kuiokoa. Vinaziba matundu yaliyobaki kiwandani ya kutolea mchanga wa kalibu. Mara nyingine huchomoka kweli, mara nyingine bloku hupasuka navyo vikiwa vimekaa palepale.)

Lisukume au livutwe hadi kwenye jengo lenye joto, boneti wazi, liache usiku kucha. Hita ya umeme ya kupuliza inafaa, ikae mbali kidogo na usiiache peke yake. Moto wa wazi, hata wa kibatari, hapana. Kisha minya mpira wa juu wa rejeta na ule wa chini. Ukisikia kitu kinavunjikavunjika ndani, bado. Wa chini ndio wa kuuamini, maana baridi hukaa huko.

Baada ya hapo tandika karatasi ngumu chini ya gari na usubiri. Nyufa nyingi hazivuji wakati barafu imeziziba. Huanza kutoa maji ikiyeyuka. Kabla ya kuwasha, angalia oili. Dipstiki peke yake haitoshi, kwani maji ni mazito kuliko oili na hulala chini kabisa ya sampo, bakuli la oili chini ya injini. Legeza nati ya kumwagia oili pole pole mpaka lianze kudondoka: kikitangulia kudondoka kitu cha rangi ya kulanti, kaza nati, usiwashe, mwite fundi. Povu jeupe chini ya kifuniko cha oili lisikutie hofu likiwa peke yake. Safari fupi za wakati wa baridi hulileta.

Kama ni kukavu, washa, macho kwenye mshale, hita kwenye moto wa mwisho. Moshi mweupe wenye harufu ya utamutamu usiokoma hata injini ikishapata moto ni dalili kwamba gasketi au silinda hedi imeharibika.

Sasa yale maji ya bomba. Nusu kwa nusu ya glikoli na maji yaliyosafishwa huhimili hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Ikishuka hadi theluthi moja ya glikoli, unabaki na kama nyuzi 18 tu, na wewe nadhani ulikuwa chini ya hapo. Wala usijaze glikoli tupu kwa hasira: tupu huganda karibu na nyuzi 13 chini ya sifuri, tena inabeba joto vibaya. Asilimia 70 ndiyo mwisho.

Hapa hata mafundi tunakosea. Ukimwaga kulanti na kusuuza, maji mengi hubaki ndani ya bloku. Ukiongeza ile iliyokwisha kuchanganywa, unaishia tena na mchanganyiko mwepesi. Soma kwenye kitabu cha gari mfumo unabeba lita ngapi, tia kwanza nusu yake ya kulanti kali isiyochanganywa, kisha jaza maji yaliyosafishwa. Toa hewa, endesha, halafu pima tone moja kwa rifraktomita, kipimo kinachoonyesha kulanti itahimili baridi kiasi gani. Chagua aina iliyoandikwa kitabuni. Rangi haikuambii kitu cha uhakika.

Unayomwaga kusanya kwenye ndoo yenye kifuniko. Ina ladha tamu na ni sumu kali, mbwa na paka huilamba, na mtoto pia anaweza kuionja.

Na usisahau kwamba hujaniambia ilikuwa inapungulia wapi. Lipeleke kwa fundi apime mfumo kwa presha kabla hujajaza kulanti mpya, maana tundu lililokufanya uongeze maji bado lipo.