Aspirini yenye shaba na tumbo

Umeuliza kama ni kweli aspirini ikiunganishwa na shaba haiumizi tumbo sana. Kwa panya wa maabara, ndiyo: mwaka 1976 John Sorenson wa Marekani alionyesha kuwa kampaundi za aina hiyo zilituliza uvimbe kuliko dawa yenyewe, na vidonda vya tumbo vikapungua. Umbo la aspirini yenye shaba linapendeza kweli: ioni mbili za shaba (atomu zenye chaji ya umeme) zimeshikwa katikati ya molekuli nne za aspirini, na unga wake ni wa buluu. Kikwazo ni asidi ya tumbo, huuvunja muungano huo mapema. Indomethasini ya shaba, yaani dawa nyingine ya kutuliza uvimbe iliyounganishwa na shaba vivyo hivyo, imetumika kwa farasi na mbwa Australia. Ila kumeza aspirini pamoja na kidonge cha madini ya shaba si kitu kilekile, usijaribu.