Kabla ya kuchora ramani ya malisho, fuata ng'ombe

Vigingi kumi na vinne vya mpaka wa malisho tulivichimbia mwezi Machi, tukapiga picha na mwenyekiti wa kijiji, tukarudi mjini tumeridhika. Septemba nilipopita pale nilikuta vitatu. Vingine vimeng'olewa, kimoja kimehamia uani kwa mtu, kimefungiwa mbuzi.

Nilikuwa bwana mifugo kwenye mradi wa matumizi bora ya ardhi, kijiji kimoja mkoani Shinyanga. Kwenye makaratasi tulikuwa safi: mkutano mkuu ulifanyika, akidi ilitimia, muhtasari ukasainiwa. Nikaanza kufoka, nani kang'oa? Mzee mmoja akaniacha nimalize, kisha akasema, "Bwana mifugo, hapo mlipofunga ndipo ng'ombe wanapopita kwenda lamboni. Mlitaka waruke?"

Machi hatukuiona njia ile kwa sababu Machi kuna madimbwi kila mahali, ng'ombe hana haja ya kwenda mbali. Tena mkutano tuliuitisha saa nne asubuhi. Saa hiyo wachungaji wako porini na akina mama wako kwenye palizi. Tuliowapata ni watu wa senta, na wengine, tuseme ukweli, walifuata posho.

Aibu yetu ni kwamba haya yalitokea Usukumani, kwenye ngitili. Tangu zamani watu wa huku hufunga kipande cha malisho mvua zinapoanza, nyasi zikue, wakafungua kiangazi kikikaza. Misitu ilipofyekwa ili kuua mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, na watu wakahamishiwa vijijini miaka ya 1970, ngitili nyingi zikafa. Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulipoanza mwaka 1986, zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Watu walirudia jambo wanalolijua, na aliyeingiza mifugo kabla ya wakati alikutana na sungusungu na faini ya kijijini kwake, hakusubiri askari kutoka wilayani.

Kwa hiyo wewe unayetumwa kupanga ardhi kame, nenda kiangazi. Liache gari. Mimi mara ya pili nilimfuata kijana wa miaka kama kumi na mitano, kutoka zizini hadi majini na kurudi, siku nzima. Alinionyesha njia mbili za ng'ombe, mahali wanapolamba udongo wa chumvi, na mbuyu ambao vitongoji viwili vinauhesabu kuwa mpaka. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kwenye ramani yetu. Kijana huyo asingepewa nafasi ya kusema mkutanoni, na mwenyewe asingeiomba.

Akina mama keti nao peke yao, jioni. Mbele ya wakwe zao hawatabishana nawe. Sisi tuliandika kwamba ndani ya ngitili "hairuhusiwi shughuli yoyote", wao walikuwa wanataka kuokota kuni kavu tu. Tulikuwa tumetunga sheria ndogo inayomfanya kila mama mhalifu kabla ya uji kuchemka.

Mkutano mkuu usiuruke hata hivyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo. Ila uuitishe mwishoni, watu wakishabishana vya kutosha vitongojini, na siku isiwe ya mnada.

Ramani ya pili ilipinda vibaya, mtaalamu wetu wa vipimo aliichukia. Njia ya lamboni ilibaki wazi, kuni kavu zikaruhusiwa, na vigingi havikuhitajika sana maana mipaka ilikuwa miti na vichuguu wanavyovijua. Tatizo lililobaki ni kijiji jirani, ambao huleta mifugo yao kiangazi na sisi hatukuwaita hata mara moja. Wao wanataka ngitili ifunguliwe Julai, wenyeji wanasema Agosti. Vikao vitatu sasa, bado tunavutana.