Jibu: Bondi ikivunjika, nishati inatoka au inaingia?

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kwa nini wanafunzi wanakariri vizuri kwamba nishati haiumbwi wala haiangamizwi, halafu kwenye mtihani wanaandika kuwa bondi (kifungo kinachoshikilia atomu pamoja) ikivunjika "inatoa nishati", kumbe kuivunja kunagharimu nishati. Hata kwangu wapo kila mwaka. Naona tatizo ni sisi: kani kati ya atomu iko kwenye Kemia, uhifadhi wa nishati uko kwenye Fizikia, na hakuna anayezikutanisha.

Mimi huanza na sumaku mbili, ubao ukiwa bado mtupu. Naziachia zivutane mpaka zigongane: ta! Nauliza: zilikuwa zinazidi kasi, sasa zimetulia, nishati ya mwendo imekwenda wapi? Watataja sauti, wengine joto. Kisha mmoja anazitenganisha, na mkono wake unamwambia nani anayelipa. (Sumaku hazifanani na atomu kwa kila kitu. Liseme mapema, kabla mjanja mmoja hajakubana.)

Hapo ndipo nachora mchoro wa nishati na umbali kwa atomu mbili za haidrojeni. Zikiwa mbali hazijuani. Zikisogea, mvuto wa viini na elektroni unashinda na mstari unashuka, hadi chini kabisa kwenye pikomita 74 hivi (pikomita ni sehemu ya trilioni ya mita). Ukizibana zaidi zinasukumana, mstari unapanda ghafla.

Usiukimbie mchoro huu. Uliza: kama nishati haipotei, atomu mbili zilizokutana peke yao zinawezaje kubaki pamoja? Kwa kawaida hazibaki! Zinateremka bondeni kwa kasi, zinafika ukingo wa ndani, zinarudi na kuachana. Ili zinase, lazima nishati izitoke. Mara nyingi huchukuliwa na chembe ya tatu inayozigonga wakati huohuo, au ukuta wa chombo. Darasa hunyamaza hapa, kisha mikono inapanda. Kwangu swali hili lina thamani kuliko mazoezi ya kurasa mbili.

Hesabu sasa ni nyepesi. Haidrojeni na klorini zikitengeneza haidrojeni kloridi: kuvunja moli moja (kipimo cha idadi ya chembe) ya bondi za H–H kunakula kilojuli 436, Cl–Cl 242, jumla 678. Zinaundwa moli mbili za H–Cl, kila moja ikitoa 431, jumla 862. Kinachotoka nje ni 184. Wadai wanafunzi waandike "tumelipa" na "tumepokea" pembeni mwa kila namba. Alama za kutoa na kujumlisha peke yake huwachanganya.

Na ukipata nafasi, ongea na mwalimu wa Biolojia. Wanafunzi wengi wanatoka kwake wakiamini kuwa bondi ya fosfati kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, imehifadhi nishati kama chupa iliyojaa. Kuivunja nako kunagharimu. Faida inatokana na bondi mpya zinazoundwa maji yanapoingia, na jinsi mazao yake yanavyotulia ndani ya maji. Mkikubaliana lugha moja, utapunguza nusu ya ubishi darasani.