Ngano ziko kwa fagia, sio kwa mabawa

Dadangu ulouliza utatoa wapi mawazo ya nguo za kingano, yaani za mtindo wa hadithi za kale, ukitumia nguo kuukuu, na umeshachoka na Pinterest manake kila ukitafuta unaletewa mabawa na mataji na misitu yenye ukungu, na kwa mambo ya kila siku huoni chochote, ntakujibu kirefu kidogo. Mi nafumua mitumba naishona upya hapa Mombasa mwaka wa tisa sasa, na huko kwa mabawa nishafika nikarudi.

Nguo yangu ya kwanza ya kingano ilikuwa gauni la binamu yangu la harusi. Malkia wa barafu, nyavu tabaka tano, shanga za vioo mpaka mgongoni, na harusi yenyewe mwezi wa Februari, we jua Februari ya hapa ilivyo. Bi harusi kaingia ukumbini jasho linamtiririka na shangazi yangu mmoja akauliza kwa sauti, "Jamani, mbona mumemtoa na chandarua chake?" Watu walicheka mpaka wapiga tarumbeta wakashindwa kupuliza. Uzuri lile gauni lilikuwa nao, siwezi kudanganya, lakini ukumbi mzima hakuna alojua lile vazi lasimulia nini. Lilikuwa pambo tu.

Sasa kilichonifungua macho ni Kongowea, soko la mitumba la hapa Mombasa. Kama unanunua mitumba wayajua haya: bale, lile robota la nguo, likikatwa wale wa kwanza wanachagua kamera, zile kali kabisa, halafu zinateremka bei zinateremka mpaka jioni yabaki fagia, rundo la chini la kupangusia meza. Mi wakati huo sina pesa, nanunua fagia. Siku moja niko nimeinama nachakura nikaanza kucheka peke yangu manake nilikumbuka hadithi ya Sultani Darai alonisimulia bibi, sijui kama nyinyi mlisimuliwa, ni ya zamani sana, iliandikwa Unguja ikachapishwa tangu 1870. Yule maskini anachakura jaani atafute punje za mtama, siku moja akapata sarafu ya thumuni, akanunua mnyama paa badala ya chakula watu wakamwona mwehu. Yule paa akaokota almasi akampelekea sultani, akasema imetoka kwa bwana wangu Sultani Darai, halafu akamchukua bwana wake akamtandika akamtupa mtoni, akakimbia kwa sultani kulia ati bwana wangu kavamiwa na wezi wamemwacha hana nguo. Sultani akatoa nguo. Na hapo ndo maskini akawa Sultani Darai, yaani si elimu si vita, ni nguo ya kupewa na mnyama anayejua kusema. Baadaye akamkosea shukrani paa wake, paa akafa, na yule bwana kuja kushtuka yuko pale pale jaani anajikuna.

Nikasema loh, hii ni hadithi ya mitumba! Na haina bawa hata moja.

Tangu hapo mi sitafuti sura ya hadithi, natafuta kitu kimoja ambacho mtu anakishika ndani ya hadithi na anakifanyia nini. Sindano, mkate, kisima, kiatu. Halafu naangalia nguo nilonayo naiuliza hicho kitu kitakaa wapi. Mfano mzuri ni koti la Fumo Liyongo, yule shujaa wa hadithi za Waswahili, hilo ndo lilonipa wateja. Nililipata kwa fagia, koti jeusi la kike la mtindo wa miaka ya 80, mabega yamejazwa sponji hadi mvaaji aonekana kama mlango, vifungo viwili havipo, nikapewa kwa bei ya soda. Watu wengi wanayatoa yale masponji, mi nikayaacha manake Liyongo alikuwa pandikizi la mtu. Wajua alifungwa gerezani, mamake akampelekea mkate wa wishwa, yaani makapi ya nafaka, na tupa ya kukatia chuma imefichwa ndani, walinzi wakaushika mkate wakaudharau, nani anataka wishwa, wakampa. Akakata minyororo huku nje ngoma ya gungu inalia watu wasisikie. Basi mi nikafumua bitana ya hariri nikaweka kitambaa cha gunia kilichofuliwa mara tatu kikalainika, rangi ya wishwa, na ndani yake nikaficha mfuko mrefu mwembamba ambao huuoni mpaka uambiwe. Na mbele, pale penye kitovu, mshono mmoja tu wa waya wa shaba, urefu wa kidole, basi. Manake Liyongo hakuuliwa na upanga wala mshale, mwanawe wa kumzaa ndo alomchoma sindano ya shaba kitovuni amelala, naye akaamka akachukua uta wake akenda akapiga goti karibu na kisima akafia pale pale kauvuta uta, watu wanaogopa kuteka maji wakidhani yu hai.

Nilipolivaa kwenye maonyesho ya mtaani vijana walisema koti zuri, wakapita. Mzee mmoja wa Lamu akasimama, akaangalia mabega, akaangalia kitovu, akaniuliza, "Na tupa umeitia wapi?" Nikamfungulia bitana. Akalinunua lile koti la bintiye bila kuuliza bei mara mbili.

Ila waya wa shaba usishone mbichi kama nilivyofanya, jasho likiugusa unageuka kijani na unachafua kitambaa, binti alinirudishia baada ya wiki mbili. Upake rangi ya kucha isiyo na rangi tabaka mbili kabla hujashona, au tumia uzi wa rangi ya shaba na uache ubishi.

Halafu leso, yaani kanga. Najua utaniuliza manake kila mtu akisikia nguo za zamani na hadithi anakimbilia leso, na kweli imejengwa kama hadithi, ina pindo inayozunguka, ina mji katikati, ina jina, yale maneno yaloandikwa, linalosema lile usiloweza kusema mdomoni. Lakini usizikate za zamani. Mi nilikata kisutu cha bibi, ile nyekundu nyeusi na nyeupe ya harusi, nikatoa mikono ya blauzi, na bibi hakusema nami siku tatu, siku ya nne akaniambia tu leso mwanzo wake wanawake walinunua vile vitambaa vya mkononi vya mraba wakaviunganisha pamoja kwa sindano, "wao waliunga, wewe wakata." Sasa hivi nikitaka leso nanunua mpya Biashara Street, na ya zamani naikunja nzima ndani ya nguo, naishikiza kwa mshono wa mkono unaofumuka.

Na kwa hayo mambo ya kila siku ulosema huoni chochote, mbona tumezungukwa. Vazi letu jeusi linaitwa buibui, jina moja na mdudu, na buibui huyo huyo watoto wa madrasa wanamjua ndo alotanda utando mlangoni mwa pango la Thaur alimojificha Mtume, wafukuzaji wakapita. Mi nina buibui la kamba la zamani la mamake bibi, lile la kufunga kichwani, na mwaka mzima nalitazama nafikiria mlango wa pango, uzi wa fedha mwembamba ukingoni mwa uso tu, mahali ambapo mtu akipita haraka haoni. Sijalishona bado. Bibi anasema nikiligusa na mkasi nihame nyumba.

Wewe una nguo gani hapo ulipo? Weka picha, na uandike hadithi ulosimuliwa utotoni hata kama ni nusu nusu, tuanzie hapo.