Kabla hujapanda miche, angalia visiki vyako kwanza

Mi niko Uyui hapa Tabora, na kila masika naona watu wananunua miche ya mikaratusi wanapanda kwenye pori walilokata wenyewe, afu visiki vya mtundu na muba, miti yetu ya asili ya miombo, vilivyoanza kuchipua wanavifyeka ili miche ipate nafasi! Jamani, kile kisiki kina mizizi iliyoshuka chini miaka na miaka, mche wa kwenye kiroba utaikuta lini?

Ekari nne alizotuachia baba zilikuwa zimeisha zote, kuni za kukaushia tumbaku kwenye bani. Mwaka wa kwanza sikugusa kitu nikijua pori litajirudi lenyewe. Lilirudi kweli, ila kisiki kimoja nilihesabu machipukizi 19, membamba kama fimbo za kuchungia mbuzi, yote yanagombania maji yaleyale. Ndo nikaingia na panga, kila kisiki nikaacha mawili yaliyonyooka na yaliyotokea chini karibu na udongo, maana yanayoota juu ya kisiki yakishakuwa mazito upepo unayabandua. Roho iliniuma kukata vile, na ni kweli mwanzoni unapunguza kilichopo, lakini yaliyobaki yalinenepa, na unene ndo wenye mali: shina likiongezeka upana mara mbili, mbao ndani yake haziwi mara mbili, zinakuwa mara nne na zaidi kwa sababu na urefu nao umeongezeka. Ule mti ukikauka, karibu nusu ya uzito wake ni kaboni iliyovutwa kutoka kwenye hewa ukaa. Kwahiyo wakija watu wa miradi ya kaboni, wale wanaolipia miti inayotunza hiyo kaboni, kijijini kwenu, wanachopima ni hicho.

Sasa moto. Mwezi wa kumi, mitundu imetoa yale majani mapya mekundu kabla hata mvua haijanyesha, mtu akachoma shamba lake la jirani ukaingia kwangu. Hapo mti umeshatumia akiba ya mizizi kutoa majani, na nyasi zimekauka kabisa, moto unapanda juu. Asubuhi nilikuta magome yamepasuka, machipukizi ya miaka mitatu yamekufa mpaka chini. Mninga mchanga nao ukiungua kila mwaka unabaki kijiti tu juu ya ardhi wakati mzizi chini unanenepa unasubiri, watu wanadhani hauoti.

Siku hizi nasafisha kinga moto pembeni mwezi wa tano, nachukua kibali kijijini, nachoma mapema nyasi zikiwa bado na ubichi, moto unatambaa chini unapita. Na nikikata kuni nakata chini, kwa mshazari, maji yasitulie kwenye kisiki.

Kama unataka kuanza, chukua futi kamba ya fundi nguo, chagua miti kumi, pima mzunguko wa shina mita 1.3 kutoka chini, paka rangi hapohapo uandike kwenye daftari. Mwakani pima palepale kwenye rangi.