Usipake rangi lori ambalo halijabeba mzigo

Lori langu la kwanza la mfano, la kuchonga mwenyewe, lilinichukua miezi minne, likakaa juu ya kabati sebuleni kama bibi harusi. Scania 113, kichwa chekundu, taa zinawaka, milango inafunguka. Mtoto wa dada yangu alipokuja likizo akalizunguka, akauliza, "Anko, linabeba?" Kwa kiburi nikaweka mfuko wa sembe wa kilo 2 kwenye bodi. Tairi za nyuma zikatanuka kama miguu ya ndama aliyezaliwa leo, ekseli ikabanduka kwenye gundi, na sembe ikamwagika zuliani. Rangi nilikuwa nimepiga mikono mitatu.

Sasa kila kijana anayekuja kwangu Ngarenaro, hapa Arusha, kutaka kujifunza namkabidhi tupa, jiliwa na mfuko wa mchanga. Kopo la rangi nimelificha.

Tuanze na vipimo. Malori ya mfano ya kununua, ya kampuni ya Tamiya ya Japani, ni ya 1:14, yaani yamepunguzwa mara 14, ndiyo maana wengi hukimbilia hapo. Lakini kama kila kitu unakichonga mwenyewe, chukua 1:10, hesabu inakuwa ya darasa la tatu. Urefu unafuta sifuri moja: lori la upana wa mita 2.5 linakuwa sentimita 25, tairi la mita 1.1 linakuwa sentimita 11. Uzito unafuta sifuri tatu, kwa sababu urefu, upana na kimo vyote vimepungua mara 10. Tani moja ni kilo moja. Sheria ya uzito wa magari ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 8 kwa ekseli ya stelingi na tani 18 kwa ekseli mbili za nyuma zenye tairi nne kila moja. Basi tipa yako ya tairi kumi, ikishapakiwa, inatakiwa isimame na kilo 26 bila kulia. Pima ekseli kwa ekseli kama mizani ya barabarani: mbele kwenye mzani wa jikoni, nyuma kwenye ule wa kupimia watu, na upande usiopimwa uinulie kibao ili lori likae sawa.

Vipimo vya lori lenyewe usichukue kwenye picha ya simu; picha inadanganya, hasa nafasi kati ya ekseli. Malori hayakosekani barabara ya Moshi wala ya Namanga. Msalimie dereva, mweleze unachofanya, na usiingie uvunguni mpaka injini izimwe na jiwe liwekwe kwenye tairi. Mara nyingi utingo mwenyewe atakushikia futi. Nimewahi kunyimwa mara moja tu, na yule alidhani natoka TRA, kwa watu wa kodi.

Kitu kinachowashinda wengi ni springi, na hapa naomba uwe mvumilivu kidogo. Ukipunguza springi bapa za lori mara 10 kwa uaminifu kabisa, yaani bapa la milimita 10 liwe milimita 1, utapata springi ngumu kama rula ya chuma. Lori litaruka kila kokoto kama mkokoteni. Sababu ni kwamba mzigo umepungua mara 1,000 lakini ugumu wa springi umepungua mara 10 tu. Dawa yake ni unene: bapa likipungua unene kwa nusu, ugumu wake unashuka mara 8. Kwa hiyo tafuta ile mikanda ya chuma ya kufungia mizigo, yenye unene wa nusu milimita. Wenye maduka ya vifaa vya ujenzi huitupa. Wa upana wa milimita 16 ukipasuliwa katikati unakupa milimita 8, upana ule ule wa springi ya kweli iliyopunguzwa. Panga bapa sita au saba, kila la chini fupi kuliko la juu yake, toboa katikati upitishe senta bolti. Masikio ya bapa la juu usiyakunje baridi, yatakatika. Pasha ncha tu kwenye mkaa, kunja, acha ipoe yenyewe. Ukipasha bapa zima umeua springi. Halafu pakia mchanga kidogo kidogo ukitazama: ikilala kabla ya mzigo kufika, ongeza bapa moja, isipocheza hata chembe, toa moja.

Difu, ile gia ya kwenye ekseli inayopeleka mzunguko wa mota kwenye tairi, nilihangaika nayo mwaka mzima mpaka nilipofumbua macho. Wachomelea mageti wa mji huu wanaunguza grinda kila wiki. Kinachoungua ni mota. Kule mbele kuna gia mbili zinazopindisha mzunguko kona mraba, kraun na pinion kamili, kubwa ikiwa na upana wa kama sentimita 4 hadi 5. Inaingia kwenye difu ya 1:10 kama vile imetengenezewa hapo. Wakati wa kufunga weka kipande cha karatasi ya daftari kati ya meno, kaza, kisha zungusha karatasi itoke: nafasi iliyobaki ndiyo sahihi. Gia za kugawa mzunguko kati ya tairi za kushoto na kulia ziache kwanza. Acha ekseli moja isukume, tairi zake zikiwa zimefungwa zizunguke pamoja, ya pili izunguke bure, la sivyo lori litagoma kukata kona.

Mota chukua kwenye drili ya betri iliyokufa betri, pamoja na gia boksi yake. Nyingi hutoa mizunguko kama 350 kwa dakika gia ya kwanza na 1,300 ya pili, imeandikwa ubavuni. Ukigawa hiyo ya pili kwa difu ya tatu na nusu kwa moja (shafti mizunguko mitatu na nusu, tairi mmoja), tairi la sentimita 11 linakwenda karibu kilomita 8 kwa saa, nalo ndilo lori la kweli likiwa kwenye 80. Sikupanga, ilijitokeza hivyo, nikacheka peke yangu.

Lililofuata lilinitia aibu. Propela shafti yangu, ile fimbo inayopeleka mzunguko kutoka gia boksi hadi difu, ilikuwa inatetemeka, nikabadilisha mota, nikabadilisha beringi, wapi. Nikaibeba hadi gereji moja Unga Limited kwa mzee anayetengeneza propela za mafuso. Shikamoo hata haijapoa, akaigeuza mkononi mara moja: "Mwanangu, hizi uma za huku na huku zinatakiwa zilale mstari mmoja. Wewe umezikatanisha." Krosi, kile kiungo kinachoshikwa na uma kila ncha ya shafti, ikiwa imekunjika haizungushi kwa mwendo sawa, inaharakisha na kuchelewa, krosi ya upande wa pili inafuta kasoro hiyo endapo tu uma zimelingana. Nilizungusha upande mmoja robo duara. Kimya.

Tairi nenda kwa wakata katambuga, waombe vipande. Mikono yao inajua mpira kuliko wewe. Malapa yanafaa kwa lori la kuonyesha, lakini yakikaliwa na kilo 18 yanabonyea yakabaki hivyo. Taa sina mengi: kwa betri ya volti 12, kila LED nyeupe ipe rezista ya omu 470.

Jeki ya tipa tengeneza kwa mabomba ya sindano. La mililita 5 likisukuma la mililita 20, nguvu inaongezeka zaidi ya mara mbili, ila safari inapungua kwa kiasi hicho hicho. Tumia maji na gliserini ya duka la dawa, kamwe si mafuta, maana mpira wa ndani utavimba. Kiputo kimoja cha hewa kinatosha kulifanya bodi linesenese. Na jeki usiilaze kabisa chini ya bodi. Kunyanyua kugumu kuliko kote ni kule kwa mwanzo, na jeki iliyolala inasukuma mbele badala ya juu.

Tipa yangu ya sasa ilifikisha kilo 26 mwezi uliopita na kupanda kilima cha vumbi nyuma ya nyumba bila kulia. Kichwa bado hakijapakwa rangi. Ukiusogelea mlango wa dereva utasoma maandishi ya debe la mafuta ya kula.